Gazi: kijiji kinachouza msitu bila kuukata

Ukivuka Likoni ukashika barabara ya Lunga Lunga, ukishapita Diani na kabla hujafika Msambweni, kuna njia inayokata kushoto kuelekea baharini. Huko ndiko Gazi, kijiji cha wavuvi katika kaunti ya Kwale, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Ni mahali patulivu. Wanaosoma historia wanakijua kwa ajili ya Mbaruk bin Rashid, Mmazrui aliyekaa hapo na kupigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, hadi akalazimika kuvuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Baada ya hapo Gazi ikabaki na samaki wake na minazi yake, na walioitaja nje ya Kwale walikuwa wachache.

Siku hizi inatajwa hata kwenye mikutano ya kimataifa ya tabianchi. Tangu mwaka 2013, Gazi na jirani yake Makongeni wanauza krediti za kaboni zitokanazo na mikoko, yaani vyeti vya hewa ya ukaa iliyozuiwa, ambavyo wanaotoa moshi kwingine hununua ili kuufidia, kupitia mradi uitwao Mikoko Pamoja. Ndio mradi wa kwanza duniani wa wanakijiji kuuza kaboni ya mikoko, na mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sifa zimeenea kuliko maelezo. Wengi wanaosikia habari hizi huishia kusema kwamba watu wa Gazi wanauza hewa, wakacheka, mazungumzo yakaishia hapo.

Hewa haiuzwi pale. Miti pia haiuzwi, na ardhi haijauzwa. Kinachouzwa ni jambo ambalo halikutokea: ukataji ambao ungefanyika na haukufanyika, pamoja na ushahidi kwamba haukufanyika. Hapo ndipo watu hupotea, na si ajabu, kwa sababu kuhesabu kisichotokea ni kazi yenye utata hata kwa wataalamu. Ili tuielewe, ni bora tuanzie chini kabisa, kwenye matope.

Kazi ya matope

Hori ya Gazi imekingwa na mawimbi makubwa kwa rasi ya Chale upande mmoja na mwamba wa matumbawe upande wa bahari kuu. Mito miwili inamwaga maji yake humo: Kidogoweni kaskazini na Mkurumudzi kusini. Wakati wa bamvua, siku za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yaliyojaa na yaliyokupwa hutofautiana kwa kiasi cha mita nne, kwa hiyo eneo kubwa ambalo asubuhi lilikuwa bahari huwa uwanda wa matope na nyasi bahari ifikapo mchana. Kwenye uwanda huo unaozama na kuibuka mara mbili kila siku ndipo mikoko inapoishi.

Kenya ina aina 9 za mikoko na kila moja ina mahali pake. Mlilana husimama mbele, unapigwa na maji kila yanapojaa. Nyuma yake kuna mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayojikunja hewani kabla ya kuzama. Mkandaa na muia huja baadaye. Mchu ni wa ajabu kidogo: unaota karibu na bahari na pia kule nyuma kabisa ambako maji hufika siku za bamvua tu na udongo una chumvi kali. Ukitazama jani la mchu upande wa juu wakati wa jua kali utaona chembe nyeupe. Ni chumvi ambayo mti umeitoa kwa jasho lake wenyewe. Weka jani ulimini, utaamini.

Kama mti wowote, mkoko huvuta hewa ya ukaa, hutwaa kaboni iliyomo na kuigeuza kuwa shina, tawi, jani na mzizi. Hadi hapo hauna tofauti na mwembe. Tofauti huja jani linapoanguka. Jani la mwembe likianguka huoza, na ndani ya muda mfupi kaboni yake imerudi hewani. Jani la mkoko likianguka, huenda likasombwa na maji, au likaliwa na tondo, wale konokono wakubwa wa mikokoni, au likavutwa na kaa hadi ndani ya shimo lake. Linalobaki hufunikwa na matope, na mizizi nayo hufia humohumo.

Matope hayo yamejaa maji muda wote, kwa hiyo oksijeni haipenyi ila tabaka jembamba la juu tu. Bakteria wanaoozesha vitu kwa haraka wanahitaji oksijeni. Wasipoipata, kazi inabaki kwa wale wa polepole wanaotumia salfeti iliyomo kwenye maji ya bahari. Ile harufu ya mayai viza inayokupokea ukikanyaga matope ya mikokoni na mguu ukazama hadi gotini ni ya gesi inayotoka kwao. Wengi huichukia. Lakini ni harufu ya kitu kinachoshindwa kuoza, na kushindwa huko ndiko kunakoifungia kaboni ardhini kwa mamia ya miaka, pengine maelfu. Chumvi ina msaada mwingine pia: vinamasi vya maji baridi hutoa methani nyingi, gesi inayopasha joto dunia kuliko hewa ya ukaa, ilhali penye maji ya chumvi methani hupungua sana.

Ndiyo maana anayetazama msitu wa mikoko na kuhesabu magogo tu anakosa sehemu kubwa ya mali. Utafiti mashuhuri wa mwaka 2011 uliopima mikoko ya bahari za Hindi na Pasifiki ulipata wastani wa takriban tani 1,000 za kaboni kwa hekta, na kwa kawaida nyingi yake ilikuwa ardhini, chini ya miti. Msitu ukikatwa na matope yakachimbuliwa au yakakauka, oksijeni huingia, na kilichohifadhiwa kwa karne nyingi huanza kuoza. Kila tani moja ya kaboni inayotoroka huungana na oksijeni na kuwa takriban tani 3.67 za hewa ya ukaa. Krediti huhesabiwa kwa tani hizo za hewa ya ukaa, si za kaboni tupu, na kuchanganya vipimo hivi viwili ni kosa linalojirudia kwenye taarifa nyingi za magazeti.

Kuhesabu kisichotokea

Hebu tuseme kuna hekta 100 za mikoko, na watu wanaikata kidogokidogo. Ukiiacha hali iendelee hivyo, baada ya miaka 20 utakuwa umepoteza sehemu fulani. Makadirio hayo ya hasara ndiyo msingi wa hesabu yote. Kijiji kikiulinda msitu, kila mwaka unapima kilichopo, unalinganisha na kile ambacho kingekuwepo kama hakuna ulinzi, na tofauti yake ndiyo inayouzwa. Msitu ambao hakuna aliyekuwa na nia wala njia ya kuukata hauna tofauti hiyo, hata uwe mzuri namna gani. Jambo hili huwauma watu waliotunza misitu yao vizuri tangu enzi za mababu: kwa hesabu za soko, utunzaji wao wa miaka yote hauna bei.

Gazi haikuwa na haja ya kubuni tishio. Katika miaka ya 1970 mikoko yake ilikatwa kibiashara ili iwe kuni za viwandani, za kuchomea chokaa na matofali. Sehemu zilizofyekwa zilibaki wazi kwa miaka mingi, kwa kuwa mkoko haurudi kirahisi: miti ikiondoka, matope husombwa, jua huzidisha chumvi, na miche inayoletwa na maji hukosa pa kushika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndipo watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, akiwemo James Kairo, walipoanza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Na si Gazi peke yake iliyoumia. Picha za setilaiti zilionyesha kwamba kati ya mwaka 1985 na 2010 Kenya ilipoteza asilimia 18 ya mikoko yake. Hii ni licha ya serikali kupiga marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982.

Upimaji wenyewe hufanywa kwa mikono. Ndani ya msitu hutengwa viwanja vidogo vya kudumu, na kila mti ulio ndani yake hupimwa unene wa shina. Miti mingi hupimwa kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka chini. Mkoko hauruhusu hivyo, kwa sababu kimo hicho mara nyingi bado ni mizizi. Kwa hiyo mpimaji hutafuta mzizi wa juu kabisa, anapanda sentimita 30 zaidi, ndipo anapozungusha utepe. Unene huo huingizwa kwenye kanuni ya aina ile ya mti ili kupata uzito wake, na kutoka kwenye uzito hupatikana kaboni. Mtu wa ofisini atasema ni rahisi. Ajaribu kufanya hivyo amesimama kwenye tope huku maji yanapanda.

Matokeo ya hesabu zote hizo kwa Mikoko Pamoja ni haya: hekta 117 za mikoko zinazolindwa, pamoja na kupanda sehemu ndogo kila mwaka, huleta takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Gari dogo la kawaida la Marekani hutoa kama tani 4.6 kwa mwaka, kwa hiyo kazi yote hii inafuta moshi wa magari kama 650. Krediti zinathibitishwa chini ya kiwango cha Plan Vivo, ambacho kimetengenezwa kwa ajili ya miradi midogo ya jamii, na mauzo hushughulikiwa na shirika la hisani lililosajiliwa Scotland. Si zote zinazouzwa. Sehemu huwekwa kando kama akiba, ili dhoruba ikiangusha miti, mnunuzi asiwe amelipia kitu kisichokuwepo.

Kuni zitatoka wapi?

Swali hili ndilo linalotenganisha mradi wa kweli na wa karatasi. Watu wa Gazi hawakuwa wakikata mikoko kwa uovu. Boriti ndiyo inayobeba dari ya nyumba za pwani, fito ndizo zinazoshika udongo wa ukuta, na mkandaa na mkoko huungua kwa moto mzuri jikoni. Ukizuia ukataji hapa bila kuleta mbadala, shoka halitundikwi ukutani. Linahamia msitu wa jirani, na hewa ya ukaa inayotoka huko ni ileile. Wataalamu huita hali hiyo uvujaji, na ikithibitishwa hukatwa kwenye hesabu.

Jibu la Gazi lilikuwa mivinje. Hupandwa nchi kavu, hukua haraka, hunyooka, na hutoa nguzo na kuni baada ya miaka michache. Haifikii boriti ya mkandaa kwa ugumu wala kwa kustahimili mchwa, na mafundi watakwambia hivyo bila kuficha. Lakini inatosha kupunguza shinikizo. Pia kuna walinzi wa kijiji wanaozunguka msituni, na macho ya majirani, ambayo kwa kijiji kidogo huenda yakawa ulinzi mkubwa zaidi.

Pesa, na msitu ni wa nani

Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali na ilitangazwa hivyo tangu mwaka 1932. Wanakijiji hawaumiliki. Kilichowafungulia mlango ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, ambayo mwaka 2016 nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya: inaruhusu wakazi wanaozunguka msitu kuunda chama na kutia saini makubaliano na Huduma ya Misitu ya Kenya ili kuusimamia pamoja na kupata manufaa yake. Krediti za Gazi zimesimama juu ya makubaliano hayo. Bila hayo kusingekuwa na cha kuuza, kwa sababu mnunuzi wa kwanza tu angeuliza muuzaji ana haki gani.

Sasa kiasi. Katika miaka ya mwanzo mapato yalikadiriwa kuwa kama dola 12,000 kwa mwaka. Gawanya kwa watu wa vijiji viwili, tuseme 5,000, kila mmoja atapata dola 2.40 kwa mwaka mzima. Hakuna aliyetajirika. Nadhani udogo huu ndio uliouokoa mradi: pesa ambazo zikigawanywa hazinunui kitu ni rahisi kukubaliana zisigawanywe. Zinakwenda kwenye mfuko wa jamii, wanakijiji hukutana kuamua matumizi, na matokeo yake yanaonekana kwa macho: maji ya bomba, vitabu na ukarabati wa shule, vifaa vya afya. Mama aliyekuwa akibeba ndoo kutoka mbali hahitaji kuelezwa krediti ni nini.

Miradi mikubwa inayofuata haitakuwa na bahati ya udogo. Huko Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vilianzisha mradi wao wa hekta 460. Madalali wa kaboni wameanza kuzunguka pwani. Ndiyo maana Bunge la Kenya lilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2023: miradi inayotegemea ardhi ya jamii sasa inatakiwa kuwapa wanajamii angalau asilimia 40 ya mapato kila mwaka, na makubaliano hayo yaandikwe na kusajiliwa. Asilimia 40 ya nini hasa, baada ya kutoa gharama gani? Hapo ndipo mwanasheria wa kijiji, kama kijiji kimebahatika kuwa naye, anapaswa kutulia na kusoma polepole.

Yasiyoingia kwenye hesabu

Mvuvi wa Gazi akiulizwa faida ya mikoko hataanza na kaboni. Ataanza na kaa koko, na kamba, na chaza walioshika kwenye mizizi. Atataja chaa wadogo wanaojificha humo maji yakijaa, wanaokua kisha wakatoka. Tafi wanalisha kwenye nyasi bahari mbele ya mikoko, na malema hutegwa huko kwa sababu hiyo. Mwamba nao huvunja mawimbi kabla hayajafika, ili mikoko na nyasi vipate maji tulivu ya kuotea. Kwa malipo, mikoko huzuia udongo wa mito usiende kuyafunika matumbawe.

Uhusiano huu umepimwa hapohapo. Watafiti waliofanya kazi Gazi mwanzoni mwa miaka ya 1990 walifuatilia mabaki ya majani ya mikoko yanayosombwa na maji, wakakuta kwamba mengi hutua kwenye nyasi bahari za jirani na ni machache tu yanayofika mwambani. Maana yake, nyasi zinapokea kaboni ya msitu na kuizika, pamoja na ile zinayojitengenezea. Ukiharibu nyasi kwa juya la kukokotwa, umegusa ghala lilelile kwa mlango mwingine.

Kinamama wa Gazi walikuwa na hesabu yao ya mikoko kabla mradi wa kaboni haujaanza. Kikundi chao kilijenga njia ya mbao juu ya matope, mgeni analipa, anatembezwa kati ya miti akielezwa upi ni upi, na akitaka anapikiwa. Kaboni inalipa kijiji kizima kupitia mfuko. Njia ya mbao inawalipa wenye kuifanyia kazi. Vitu viwili tofauti, na ni vizuri visichanganywe.

Mahali penye udhaifu

Msitu wa Gazi hautegemei Gazi peke yake. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilileta tope jingi sana kwenye hori ya Mwache, Mombasa, hata mizizi ya kupumulia ikafunikwa na mikoko mingi ikafa ikiwa imesimama, bila shoka hata moja. Tope hilo lilitoka bara, kwenye mashamba ambayo hayakuonana na bahari. Mkurumudzi nao una bwawa juu yake, lililojengwa kwa ajili ya mgodi wa titani wa Kwale ambao uchimbaji wake ulikoma mwishoni mwa 2024. Maji baridi yanayofika mikokoni huamuliwa na watu wengi ambao hawamo kwenye kamati ya kijiji.

Halafu kuna mnunuzi. Krediti ikinunuliwa na aliyekwisha kupunguza moshi wake na sasa anafidia masalio, kuna faida. Ikinunuliwa na anayetaka kuendelea kama kawaida kwa dhamiri safi, tani iliyookolewa Gazi imetolewa upya mahali pengine, na bahari inayopanda haitofautishi. Wanaosimamia mauzo wanaweza kuchagua wa kumuuzia, na hiyo ni nguvu ambayo kijiji kinapaswa kuidai kwenye mkataba mapema, pesa zikiwa bado hazijaanza kuingia.

Kijiji kingine cha pwani kikijiwa na mgeni mwenye karatasi za kaboni, maswali ya kumuuliza si ya kitaalamu. Msitu wetu unatishiwa na nini, na tishio hilo umelipimaje? Tukiacha kukata, kuni na boriti zetu zitatoka wapi? Nani anashika akaunti? Na tunafungwa kwa muda gani? Mikoko Pamoja walijifunga kwa miaka 20, hadi 2033. Mtoto aliyezaliwa Gazi mwaka ule mradi ulipoanza atakuwa na umri wa miaka 20, tayari kujenga nyumba yake, na atataka kujua kama sasa anaruhusiwa kukata boriti.